Abiria wa Boda na Kofia Yake

Mtu anayeanza kazi mpya katikati ya Kampala na kuamua kwamba atakuwa akipanda boda kila siku kutoka Kalerwe, Ntinda au Ndeeba hupiga hesabu ya mambo mawili: nauli, na muda atakaookoa kwa kupenya foleni. Helmeti haimo kwenye hesabu hiyo. Mazoea yameifanya ionekane kuwa kifaa cha kazi cha dereva, ingawa sheria ya Uganda inawataka wote wawili, anayeendesha na anayebebwa, waivae. Matokeo yake yanaonekana kwenye barabara yoyote ya mji saa mbili asubuhi: mbele kichwa kilichofunikwa, nyuma kichwa wazi. Hoja yangu ni kwamba abiria wa kila siku anunue helmeti yake mwenyewe, na thamani yake asiipime kwa bei wala kwa jina la kampuni. Aipime kwa idadi ya safari ambazo itakuwa kichwani, imefungwa, na ina uwezo wa kweli wa kupunguza kishindo. Masharti hayo mawili, kuvalika na kulinda, mara nyingi huvutana, na ugumu wote wa kuchagua umo hapo.

Ushahidi kwamba kofia ngumu huokoa maisha si wa jana. Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa miongoni mwa madaktari waliomhudumia T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi Mwingereza, baada ya ajali yake ya pikipiki mwaka 1935, alichapisha mwaka 1941 uchunguzi juu ya majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki nchini Uingereza na umuhimu wa kofia ngumu. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kuchambua tafiti za afya, walikusanya matokeo ya tafiti 61 wakahitimisha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ule wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Huku kwetu, ripoti ya polisi ya Uganda ya mwaka 2024 ilihesabu vifo 5,144 barabarani, na watumiaji wa pikipiki pamoja na watembea kwa miguu ndio walio wengi katika hesabu za namna hiyo mwaka hadi mwaka. Utafiti mmoja uliofanywa katika Hospitali ya Rufaa ya Mulago na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba majeruhi wa boda peke yao walikuwa wakimeza asilimia 62.5 ya bajeti ya idara ya upasuaji. Kwa abiria hali ina uzito wake wa pekee. Dereva analiona shimo kabla ya kuliingia, ana usukani wa kushikilia, na mwili wake hujikaza kabla ya breki. Aliye nyuma anaangalia mgongo wa mwenzake, pengine ana simu mkononi na mfuko magotini, na taarifa ya kwanza anayoipata kuhusu ajali ni kuanguka kwenyewe.

Pingamizi linalosikika zaidi kwenye steji za boda ni kwamba boda za mjini haziendi kasi, hasa kwenye msongamano wa Wandegeya au Barabara ya Jinja, kwa hiyo helmeti ni ya wanaosafiri mbali. Hoja hii inachanganya mwendo wa pikipiki na mwendo wa kichwa kinapofika chini. Kichwa cha mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma kiko karibu mita moja na nusu kutoka ardhini, au zaidi kidogo. Kitu chochote kikianguka kutoka kimo hicho hugonga chini kwa kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama kabisa. Kasi hiyo kwenye lami au ukingo wa mtaro inatosha kulipasua fuvu. Tena iko ndani ya kiwango ambacho helmeti zimeundwa kukikabili: jaribio kuu la kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, katika toleo lake la 05, huigongesha helmeti kwenye chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 hivi kwa saa. Mwendo wa taratibu mjini, basi, ndipo hasa helmeti inapofanya kazi yake yote. Kwenye barabara kuu ya Northern Bypass, lori likikugonga ukiwa katika mwendo mkubwa, uwezo wake unaanza kupungua.

Ili kujua unanunua nini, inafaa kujua kinacholinda ni kipi. Watu wengi hubisha ganda la nje kwa vidole, na likitoa mlio mzito huridhika. Ganda lina kazi yake, ya kutawanya kishindo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, lakini mlinzi wa ubongo ni tabaka la povu gumu jeupe lililo chini ya bitana, jamii ya lile linalofungia televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo hubonyea, na katika kubonyea huchelewesha kichwa kusimama kwa sehemu ndogo ya sekunde. Muda huo mdogo ndio unaonunuliwa. Likishabonyea halirudi lilivyokuwa, na ganda la nje linaweza kubaki linang'aa bila dalili yoyote. Kwa sababu hiyo helmeti ya mtumba haina bei nzuri, hata ikiuzwa kwa fedha kidogo namna gani, maana muuzaji mwenyewe hajui imeshaanguka na nani. Kwa sababu hiyo pia ile ya akiba ambayo dereva huitundika kwenye kioo cha pembeni, mpini wa kioo ukiichoma kwa ndani siku nzima, jua na mvua vikiipiga, haifai kutegemewa. Na kuna zile zisizo na povu kabisa, ganda la plastiki na kitambaa cha kuzuia jasho, nyepesi kupindukia. Hizo ni za kumridhisha askari wa trafiki, na kofia ya mjengo nayo naiweka katika kundi hilo.

Suala la umbo ndipo masharti yale mawili yanapogongana waziwazi. Sokoni kuna aina tatu: ya nusu kichwa, inayoishia juu ya masikio, ya robo tatu, inayofunika masikio na kisogo lakini inaacha uso, na ya kichwa kizima, yenye upinde wa kidevu. Kwa ulinzi mtupu hakuna ubishi. Dietmar Otte, mtafiti wa ajali wa Hannover, Ujerumani, aliyechora ramani ya mahali helmeti zilipogongwa katika ajali halisi, alikuta zaidi ya theluthi moja ya vishindo viko eneo la kidevu na taya. Mwenye helmeti ya robo tatu ameliacha eneo hilo wazi. Lakini ramani hiyo inahusu zaidi waendeshaji, ambao hurushwa mbele. Abiria wa Kampala, hasa mwanamke aliyevaa sketi au gomesi na kukaa upande, miguu yote miwili kushoto, ana njia nyingine ya kuanguka: pikipiki ikichomoka ghafla, au tairi ikiruka tuta, anadondoka kinyumenyume na kutanguliza kisogo. Kwake helmeti ya nusu kichwa ni hasara tupu, kwa kuwa inaacha palepale panapotangulia chini. Kukaa hivyo kwenyewe ni hatari ambayo hakuna kofia inayoifuta, ila ndivyo wengi wanavyokaa, na ushauri wowote usiowaona hauwafai.

Kwa nini basi nisiseme moja kwa moja kwamba kila abiria anunue ya kichwa kizima? Kwa anayepita Barabara ya Entebbe au Northern Bypass kila siku, nasema hivyo. Kwa anayekwenda kilomita nne au tano ndani ya mji, kwenye joto la mchana, akishuka na kupanda mara tatu kwa siku, helmeti nzito inayobana mashavu na kugonga ile ya dereva kila anaposhika breki itaachwa nyumbani kufikia wiki ya pili. Huyu namshauri achukue ya robo tatu iliyo bora, yenye kioo kirefu cha mbele cha kuzuia vumbi na wadudu, akijua wazi kwamba ameuacha utaya wake bila kinga. Zile zinazofunguka kidevu kwa kuinuliwa juu zinavutia, lakini zile za bei ya chini huwa nzito na bawaba zake hulegea. Sioni sababu ya abiria mgeni kuanza nazo.

Baada ya umbo kuna alama za ubora, na hapa mnunuzi anahitaji macho kuliko fedha. Katika maduka ya vipuri yanayouzunguka mji wa biashara, yakiwamo ya soko la Kisekka, stika haigharimu chochote kuibandika. Kinachosumbua waghushi ni maelezo. Helmeti iliyopitishwa na kanuni ya Umoja wa Mataifa huwa na kitambaa kidogo cheupe kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Juu yake kuna duara lenye herufi E na tarakimu ya nchi iliyotoa idhini, 3 kwa Italia, 4 kwa Uholanzi, 11 kwa Uingereza. Chini ya duara kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, toleo la kanuni, na ndani ya namba hiyo mna herufi inayostahili kusomwa kwa makini: J ni helmeti ya uso wazi, P ni yenye upinde wa kidevu unaolinda, na NP ni yenye upinde usiolinda, yaani pambo tu. Muuzaji anaweza kukuuzia NP kwa bei ya P na asijue mwenyewe. Alama ya Marekani, DOT, ni dhaifu zaidi kama ushahidi kwa sababu mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe. Hata hivyo stika halali ya miaka ya karibuni hutaja jina la mtengenezaji, modeli na maneno FMVSS No. 218, kwa hiyo stika yenye herufi tatu tupu tayari inajishtaki. Kwa kuwa pikipiki nyingi za boda hapa ni Bajaj na TVS kutoka India, utakutana pia na alama ya ISI ya huko, kiwango cha IS 4151, ambacho tangu Juni 2021 ni lazima kwa kila helmeti ya pikipiki inayouzwa India. Ikiwa halali inakuja na namba ya leseni ya mtengenezaji. Haina hadhi ya ile ya Umoja wa Mataifa, lakini ni kiwango cha kweli, na kwa mwenye mfuko mdogo inatosha kuanzia.

Stika ikiisha kusomwa, mikono ifanye kazi. Funua bitana uone povu, liguse, linapaswa kuwa gumu na nene karibu upana wa vidole viwili, bila ufa wala dalili ya kubonyezwa. Vuta mkanda kwa nguvu pale uliposhikizwa kwenye ganda. Kifungio cha pete mbili za chuma kinachosha kidogo kujifunza, ila hakina cha kuvunjika. Vile vya plastiki vya kubonyeza ndivyo vinavyokatika mapema. Halafu chukua utepe wa fundi cherehani, pima kichwa juu kidogo ya nyusi na kuzunguka sehemu iliyochomoza zaidi ya kisogo. Sentimita 57 au 58 huwa ni saizi M katika kampuni nyingi, na 59 au 60 ni L. Ivae, ifunge, kisha mwombe mtu aisukume kwa mbele kutoka kisogoni. Ikivuka paji la uso na kutoka, irudishe rafuni hata kama inapendeza namna gani.

Nywele hazina budi kuzungumziwa hapa, na si jambo la kuchekwa. Mwanamke aliyelipa kusukwa na akaketi saluni nusu siku hatakubali kofia inayofumua kazi hiyo asubuhi moja. Wanaoandika kampeni za usalama huliruka jambo hili, na kampeni zao hazifiki. Jibu la kiutendaji lipo: pima kichwa ukiwa na mtindo unaovaa zaidi, kama ni rasta au hijabu pima nao, ukae na mtindo ulio bapa utosini, na uvae kofia nyepesi ya kitambaa laini ndani. Fundo kubwa juu ya kichwa haliendani na helmeti yoyote. Linaiinua, na helmeti iliyoinuka hutoka. Hapa umiliki unajitetea wenyewe. Mtu hawezi kupata saizi na mtindo wake kwenye kofia ya dereva inayovaliwa na abiria kumi na watano kwa siku, na hofu ya mapunye, chawa na jasho la wengine ni hofu ya haki. Iliongezeka baada ya Uviko-19, ugonjwa uliosababisha boda kupigwa marufuku kubeba abiria kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Julai 2020.

Kuna watakaosema kwamba mzigo huu ni wa dereva na kampuni, si wa anayelipa nauli. SafeBoda, iliyoanzia Kampala na kuzoeleka kwa helmeti zake za rangi ya chungwa, ilijengwa juu ya wazo hilo: kila dereva awe na helmeti mbili, na abiria apewe kikofia cha kufunika nywele. Watafiti, akiwemo Olive Kobusingye wa Chuo Kikuu cha Makerere, waliwalinganisha madereva wa mpango huo na wa kawaida, wakakuta wale wa mpango huo huvaa helmeti zaidi. Ni mafanikio, na nisingependa yapuuzwe. Lakini ni mafanikio ya madereva. Anayepanda mara moja moja na atumie ya kampuni, ni afadhali mara mia kuliko kichwa wazi. Anayepanda kila siku hawezi kuukabidhi ukubwa wa kichwa chake kwa bahati ya dereva atakayemkuta steji. Kuhusu usumbufu wa kuibeba, nakubali kwamba upo: haikai vizuri kwenye daladala za huku, ziitwazo takisi, na ofisini huonekana mezani. Kulabu moja ukutani humaliza sehemu kubwa ya tatizo, na mwajiri anayewataka watu kazini saa mbili kamili hapaswi kuombwa mara mbili.

Wengine huhofia shingo, kwamba uzito wa helmeti utaivunja. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2011, uliopitia kumbukumbu za majeruhi wa pikipiki zaidi ya 40,000, ulikuta waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo wa kuumia uti wa shingo, pungufu kwa asilimia 22. Na wapo wanaofunga mjadala kwa methali: ajali haina kinga. Kwa tukio lenyewe, sawa. Abiria hana uwezo juu ya takisi itakayokata kona bila taa. Methali haisemi lolote juu ya nini kinatangulia lami baada ya hapo.

Turudi kwenye fedha. SHARP, mpango wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 2007 kuzipima helmeti na kuzipa nyota, umeonyesha kwa miaka mingi kwamba helmeti za bei ya chini zinaweza kupata nyota tano na za bei ya kutisha zikapata chache. Juu ya kiwango fulani, unalipia uzito mdogo, ukimya, rangi na jina. Kwa hiyo mnunuzi wa Kampala asione aibu kukaa ngazi ya kwanza ya helmeti zenye alama ya kweli, ila asishuke chini yake. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba helmeti hiyo ni shilingi 120,000 na itatumika miaka mitatu, siku 250 kwa mwaka: ni shilingi 160 kwa siku. Ya 40,000 isiyo na povu inaonekana kuokoa 80,000, kumbe imepoteza 40,000 zote, kwa kuwa hakuna kilichonunuliwa. Nafuu ya kweli iko kwenye matunzo: isitundikwe kwenye kioo, isisafishwe kwa petroli wala tina, ioshwe bitana kwa sabuni, na ikishagonga lami kichwa kikiwa ndani, ibadilishwe.

Hata hivyo ushauri kwa mnunuzi mmoja mmoja una kikomo, na Vietnam imekionyesha. Tarehe 15 Desemba 2007 nchi hiyo ilianza kulazimisha helmeti kwa kila anayepanda pikipiki, na matumizi yakapanda kupita asilimia 90 karibu mara moja. Kisha soko likajaa kofia za plastiki zisizolinda, kwa kuwa sheria iliuliza kama kichwa kimefunikwa, haikuuliza kimefunikwa na kitu gani. Kampala ikianza kukamata abiria kwa ukali kabla ya kusafisha maduka, itavuna hayohayo, na abiria watakuwa wamelipa faini na plastiki kwa pamoja. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, tayari lina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini. Linachopaswa kuongeza ni taarifa kwa mnunuzi: linunue kimyakimya helmeti kumi zinazouzwa zaidi mjini, zipimwe katika maabara yake au ya wengine, na majina, modeli na bei zake zitangazwe redioni kwa Luganda, Kiswahili na Kiingereza, zilizofaulu na zilizofeli.